Kulifungua shairi la "Kimya": vina na mizani vinafanya kazi gani?

Mwanafunzi akiulizwa aeleze umbo la shairi la kimapokeo, jibu humtoka bila kusita. Shairi lina beti tatu, kila ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Mizani ni 16, nane kwa nane. Vina vya kati vinabadilika na vya mwisho vinatiririka, kwa hiyo ni ukara. Mwalimu anaweka alama, na kazi imekwisha.

Hakuna kosa katika jibu hilo. Tatizo ni kwamba linaweza kuandikwa na mtu ambaye hakulielewa shairi hata neno moja. Ukimpa shairi la mapenzi na shairi la vita, yote mawili tarbia, yote mawili ukara, majibu yake yatafanana herufi kwa herufi. Uchambuzi wa umbo huanza pale hesabu inapoisha, kwa swali ambalo halipendwi sana kwenye karatasi ya fasihi: kina hiki kimemlazimisha mshairi aseme nini, kimemzuia asiseme nini, na yeye amekitumiaje kizuizi hicho?

Nitalijibu kwa shairi moja fupi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, ana shairi linalojulikana kwa jina la "Kimya". Katika sura inayojulikana zaidi lina beti tatu tu. Huu ndio ubeti wa kwanza:

Kimya mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele
Kimya chataka k'umbuu, viunoni mtatile
Kimya msikidharau, nami sikidharawile
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya

Kwa msomaji wa Kiswahili sanifu, maana ya juu juu ni hii. Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wasemavyo wazee. Kimya kinataka mikanda ifungwe viunoni, yaani watu wakae tayari. Msikidharau kimya, hata mimi sikukidharau. Kimya kina mambo mbele, jihadharini nacho. Ukiyaandika hivyo kwa nathari unapata onyo la kawaida ambalo mzee yeyote angeweza kulitoa barazani. Tuone onyo hilo linageuka nini likiingia kwenye vipande vinane.

Kwanza, kuhesabu

Mizani ni idadi ya silabi. Sheria ni nyepesi, lakini wanaoikosea ni wengi kwa sababu wanahesabu kwa macho badala ya sikio. Kila irabu hubeba mizani yake, hata zikifuatana: "mkuu" ni m-ku-u, mizani tatu, na "k'umbuu" ni ku-mbu-u, mizani tatu pia. Irabu mbili zilizofuatana hazifungwi pamoja kuwa moja ndefu.

Herufi m ndiyo inayosumbua. Katika "mshindo" inasimama peke yake: m-shi-ndo. Vivyo hivyo katika "mtatile" (m-ta-ti-le) na "msikidharau" (m-si-ki-dha-ra-u). Lakini katika "mambo" na "mbele" m imeshikana na b, haisimami: ma-mbo, mbe-le. Tofauti haiko kwenye maandishi bali kwenye matamshi, na wakati mwingine neno lile lile huandikwa sawa likapimwa tofauti. Ukisema "mtu mbaya", m ya "mbaya" ni kiambishi cha ngeli, inatamkwa peke yake, na neno lina mizani tatu. Ukisema "sauti mbaya", m imeyeyuka ndani ya b, na neno lina mizani mbili. Anayehesabu herufi kwenye karatasi hawezi kuiona tofauti hiyo. Anayelisoma shairi kwa sauti haikosi.

Sasa upime ubeti wa Muyaka kipande kwa kipande. Ki-mya-m-shi-ndo-m-ku-u, nane. Ndi-vyo-wa-mba-vyo-wa-vye-le, nane. Vipande vyote vinane vinatoka nane bila kupungua wala kuzidi, na hapa tayari kuna la kujifunza kwenye maneno mawili.

La kwanza ni "wambavyo". Kwa ukamilifu lingekuwa "waambavyo", wasemavyo, na lingekuwa na mizani nne. Kipande kingefika tisa. Mshairi amelifupisha. Hiyo ndiyo inkisari, moja kati ya ruhusa ambazo washairi wamejipa tangu zamani, pamoja na mazida, yaani kulirefusha neno, na tabdila, yaani kulibadilisha mwisho wake lipate kina. Hata leo mtunzi anayetaka mizani nne ataandika "shukurani", anayetaka tatu ataandika "shukrani", na hakuna atakayemkemea.

La pili ni kubwa zaidi. Msemo wenyewe, kama tunavyousikia mitaani, ni kwamba kimya kina mshindo. Ukiuandika kamili, "Kimya kina mshindo mkuu", unapata mizani kumi. Mbili zimezidi. Muyaka ameliondoa neno "kina". Kilichobaki ni "Kimya mshindo mkuu", na angalia kilichotokea kwenye maana. Kimya hakina tena mshindo, kama mtu anavyokuwa na mali. Kimya chenyewe ndicho mshindo. Mambo mawili yanayopingana yamewekwa ubavu kwa ubavu bila kiungo chochote katikati yao. Mizani ilimdai silabi mbili, akazilipa kwa kuling'oa lile neno la kumiliki, na msemo wa kila siku ukapata makali. Mwanafunzi anayeandika tu "mizani 8, 8" ameupita mlango huu bila kuugusa.

Tena neno lile halikupotea. Linarudi kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti: "Kimya kina mambo mbele". Mwanzoni kimya ni mshindo, mwishoni kimya kina mambo. Sikusudii kudai kwamba Muyaka alikaa akapanga hivyo kwa kalamu na karatasi. Ninachosema ni kwamba shairi linafanya hivyo, na sikio linasikia.

Mapigo ndani ya mizani

Vitabu vingi vinaishia kwenye idadi. Kiswahili kina jambo la ziada ambalo linafaa kutazamwa kila mara: mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo, kipande chenye mizani nane kikimalizika kwa neno lenye silabi mbili au zaidi, mizani ya saba ndiyo itakayopigwa, daima. Mku-u, wavye-le, mtati-le, sikidharawi-le: ku, vye, ti, wi, zote ziko mahali pa saba. Mshairi hahitaji kulipanga pigo hilo, lugha inampangia. Huu ndio msingi wa ule mwendo unaomfanya mtu akisikia shairi kwenye redio ajue ni shairi hata kabla hajayashika maneno.

Majina ya bahari zetu, yaani aina za mashairi, mengi yametoka Kiarabu, na ni rahisi kudhani kwamba na vipimo vilitoka huko. Arudhi ya Kiarabu, yaani elimu ya vipimo vya ushairi, iliyowekewa kanuni na al-Khalil ibn Ahmad wa Basra katika karne ya 8, inapima silabi ndefu na fupi. Waswahili walichukua istilahi wakaacha kipimo, kwa sababu Kiswahili hakina tofauti hiyo ya urefu kwa namna ya Kiarabu. Ushairi wa Kiingereza wa kimapokeo nao unahesabu mikazo inayopishana. Sisi tunahesabu silabi, na mkazo unakuja wenyewe mahali pale pale. Ndiyo maana kumtafutia Muyaka "futi" za Kiingereza, yaani vikundi vya silabi zenye mkazo na zisizo nao, ni kujisumbua.

Lakini pigo la saba ni la washairi wote. Lililo la Muyaka ni pigo la kwanza. Kila mshororo wa ubeti unaanza na "kimya", neno la silabi mbili, mkazo kwenye ki. Kwa hiyo kila ukwapi unapigwa mwanzoni kabisa na unapigwa tena karibu na mwisho. Neno lenye maana ya kutokuwa na sauti ndilo linalogonga kwa nguvu kuliko yote.

Kuna njia nyingine ya kuyasikiliza mapigo hayo, nayo haifundishwi sana: hesabu jinsi maneno yanavyogawana mizani nane za kipande. Mshororo wa kwanza, ukwapi: kimya, mshindo, mkuu. Mbili, tatu, tatu. Utao: ndivyo, wambavyo, wavyele. Mbili, tatu, tatu. Pande mbili zimelingana kabisa, kama inavyofaa msemo wa wazee ambao umekwisha kusemwa mara nyingi na hauna haja ya kuhangaika. Mshororo wa pili unaanza hivyo hivyo (kimya, chataka, k'umbuu), kisha utao wake unavunja mwendo kwa maneno mawili marefu, viunoni, mtatile, nne kwa nne. Mshororo wa tatu unarudi kwenye ulinganifu, ila ni ulinganifu wa aina nyingine: kimya, msikidharau, mbili na sita, nami, sikidharawile, mbili na sita. Hapa ndipo mshairi anapojiingiza mwenyewe kwenye shairi. Nyinyi upande mmoja, mimi upande wa pili, kitenzi kimoja pande zote mbili, uzito ule ule. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya mtu kuwaambia wenzake kwamba onyo analolitoa ameanza kujionya nalo yeye.

Kisha kituo. Ukwapi wake ni kimya, kina, mambo, mbele: mbili, mbili, mbili, mbili. Baada ya maneno ya silabi sita, mwendo umekuwa wa hatua fupi zinazofanana. Halafu neno la mizani tano, "tahadharini", linakuja kwa mkupuo, na "na kimya" inafunga.

Vina: swali si vipi tu, ni vya nini

Kina ni mlingano wa silabi ya mwisho ya kipande, konsonanti na irabu yake. Katika ukwapi wa mishororo mitatu ya kwanza kina ni u: mkuu, k'umbuu, dharau. Kuna atakayesema mkuu na k'umbuu vinaishia uu ilhali dharau inaishia au, kwa hiyo kina kimelegea. Hapana. Kila irabu ni silabi yake, na silabi ya mwisho katika maneno yote matatu ni u peke yake. Kina kimekamilika. Mlingano wa uu katika maneno mawili ya kwanza ni ziada tu.

Katika utao kina ni le: wavyele, mtatile, sikidharawile. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu vina vya Kiswahili vina mtego wake. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Vitenzi vikitendwa vinaishia wa, mahali panaishia ni. Mtu anaweza kutunga beti ishirini za nyumbani, shambani, mjini, kisimani bila jasho. Kina kimepatikana, lakini kimepatikana bure, na cha bure hakina uzito. Kwa hiyo ukishaandika "kina cha mwisho ni le", swali linalofuata ni: maneno yanayobeba kina hicho ni ya aina moja au tofauti?

Ya Muyaka ni tofauti. "Wavyele" ni nomino, wazazi au wazee. "Mtatile" na "sikidharawile" ni vitenzi, na cha pili kinabeba umbo la zamani la wakati uliopita, lenye -ile, ambalo lahaja za kaskazini na ushairi wake vimelihifadhi na Kiswahili sanifu kimeliacha. "Mbele", ambalo litaingia kwenye kituo, ni neno la mahali na wakati. Kina kimoja kinapita kwenye watu, matendo na siku zijazo. Wala Muyaka hakuteremka kamusini kutafuta maneno ya ajabu: hiyo ndiyo lugha ya Mvita, yaani Mombasa, ya wakati wake.

Jaribio zuri la kuupima uzito wa neno ni kulibadilisha. Weka "wazazi" au "wazee" mahali pa "wavyele". Mizani haibadiliki, tatu kwa tatu, lakini kina kimekufa. Kwa hiyo unajua neno lile limechaguliwa na kina. Weka "sikukidharau" mahali pa "sikidharawile". Mizani sita kwa sita, sarufi ni ya leo, maana ni ile ile. Kina kimekwenda, na kibaya zaidi, u ya utao ingegongana na u ya ukwapi, na pande mbili za mshororo zingeacha kutofautiana. Sasa weka "jihadharini" mahali pa "tahadharini". Mizani tano kwa tano. Kina hakiguswi, kwa sababu neno liko katikati ya kipande. Kumbe hapa umbo halikumlazimisha chochote. Amelichagua neno kwa sababu nyingine, na hapo mchambuzi ana haki ya kusema yake. Mimi naona "tahadharini" linaanza kwa t kavu baada ya mambo na mbele, maneno laini ya midomo, na linaamsha. Mwingine ataona tofauti. Lakini tunabishana mahali sahihi, mahali ambapo mshairi alikuwa huru.

Kituo kinachogeuza mambo

Rudi kwenye mishororo minne na uandike vina vyake peke yake. Wa kwanza: u, le. Wa pili: u, le. Wa tatu: u, le. Wa nne: le, mya. Mpangilio huu, ambapo kina cha utao kinahamia ukwapi wa mshororo wa mwisho na utao unaleta kina kipya, umeenea sana katika mashairi ya kimapokeo, kiasi kwamba watu wanautaja bila kuuliza unafanya nini.

Unafanya hivi. Baada ya mishororo mitatu sikio limezoea kwamba le ni mwisho. Likisikia le linapumzika. Kwenye kituo le inakuja mapema, katikati ya mshororo: "mbele". Msikilizaji anapumzika pasipo pa kupumzika, na shairi linamvuta mbele mizani nane zaidi, hadi kwenye sauti ambayo haikutarajiwa, mya. Na neno lenyewe lenye sauti hiyo ni lile lile lililoufungua ubeti.

Geuza kituo uone hasara. "Tahadharini na kimya, kimya kina mambo mbele." Mizani ziko sawa. Utao wote sasa unaishia le, mishororo minne mfululizo, na kwa anayependa unadhifu ni nafuu. Lakini mshororo hauanzi tena na kimya, ubeti unafungwa mahali sikio lilipotarajia, na onyo limekuja kabla ya sababu yake. Muyaka ametanguliza sababu, kisha amri, na neno la mwisho la amri ni kile kitu chenyewe cha kuogopwa.

Kuna ujanja mwingine hapa wa kifundi. Silabi mya ni kina kigumu, maneno yanayoishia hivyo ni machache mno. Mshairi angetaka kuifanya kina cha utao angekwama mshororo wa pili. Kwa kuiweka kwenye kituo kinachorudiwa kila ubeti bila kubadilika, hahitaji kuitafutia mwenzake hata mara moja. Kituo cha namna hiyo, kinachorudiwa, wengi hukiita kibwagizo au kiitikio, na kisichorudiwa kimalizio au kiishio. Istilahi hizi zinatofautiana kidogo baina ya vitabu vya Kenya na vya Tanzania, na sioni sababu ya kugombana juu yake mradi mtu aeleze anamaanisha nini.

Kwa kuwa kila mshororo unaanza kwa neno moja, shairi hili pia ni kikwamba. Kwa hiyo kwa wapenda majina: tarbia kwa mishororo, mathnawi kwa vipande, ukara kwa vina, kikwamba kwa neno la mwanzo. Shairi moja, majina manne, na hakuna linalopingana na jingine kwa sababu kila jina linapima upande wake. Wanafunzi wengi wanaodhani lazima wachague jina moja hujichanganya bure.

Beti zinazofuata

Ubeti wa pili unafunguka hivi: "Kimya ni kinga kizushi, kuzukia wale wale". Ukwapi sasa una kina cha shi, na ubeti wa tatu utakuwa na zi, huku utao ukibaki na le mpaka mwisho. Lakini jedwali la vina haliwezi kukuonyesha kinachoendelea ndani ya mshororo huu. Sikiliza: kizushi, kuzukia, na mshororo unaofuata una "kitazua". Silabi zu inapigwa mara tatu katika nafasi fupi, na maneno yote matatu yanatoka kwenye ukoo wa kuzuka na kuzua. Kina ni mlingano wa mwisho wa vipande tu. Milingano ya ndani haina jina kwenye jibu la mtihani, na mara nyingi ndiyo inayolibeba shairi.

Katika ubeti huo huo kuna utao unaosema "kwa daima na milele". Hapa nitasema wazi kwamba naona malenga amejaza mizani. Daima na milele zinasema jambo moja, na msomaji hapati kitu kipya isipokuwa le. Kusema hivyo si kumvunjia heshima. Uchambuzi wa umbo unaosifu kila kipande kwa kipimo kimoja haumsaidii mtu kukiona kilicho bora, na kilicho bora kwa Muyaka ni bora kweli.

Ubeti wa tatu unaanza: "Kimya vuani maozi, vuani mato muole". Maozi na mato yote ni macho, na kuola ni kutazama. Kwa nini macho mara mbili, kwa maneno mawili? Kina kinajibu nusu ya swali: ukwapi unadai zi, na "maozi" inaipa. Ila tofauti na daima na milele, huku kurudia kuna faida. Kitenzi "vuani" kinagonga mara mbili, mara ya kwanza bila kueleza kwa nini, mara ya pili kikiongezewa "muole". Amri inarudiwa kwa mtu ambaye hakuisikia mara ya kwanza. Vipande viwili vyote vinarudia, lakini kimoja kimejaza nafasi na kingine kimesogeza jambo mbele. Ukiweza kutofautisha hivyo, hesabu yako ya mizani haikuwa kazi bure.

Umbo na zama zake

Muyaka alitunga wakati Mombasa, chini ya watawala wa ukoo wa Mazrui, ikivutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na mji ulianguka mikononi mwa Said mwaka 1837. Mashairi yake mengi yalikuwa silaha za mabishano hayo, na mara nyingi husemwa kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mashairi hayo yalikaa kwenye vichwa vya watu na miswada ya herufi za Kiarabu. Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor waliyakusanya Mombasa baadaye katika karne ya 19, na W. Hichens akaichapa diwani mwaka 1940.

Safari hiyo ndefu inaipa mizani kazi nyingine: ni mlinzi wa maandishi. Mtu akilinakili shairi kwa "kulisahihisha", akaandika "Kimya kina mshindo mkuu", hesabu inamfichua papo hapo. Kipande cha Muyaka kikitoka saba au tisa, cha kwanza kushukiwa ni mnakili, si malenga.

Tena kuna jambo ambalo muundo wa shairi hili unalificha kwa makusudi au kwa bahati. Kimya ndicho kinachotawala kila mshororo, lakini hakuna mahali kinapopewa mwenyewe. Si kimya cha fulani, wala cha upande fulani wa bahari. Kikwamba kinakifanya kiwe kama kiumbe kinachojitembelea. Waliosikiliza wakati ule walijua ni nani aliyenyamaza. Sisi hatuhitaji kujua, na ndiyo sababu shairi linaweza kusomwa leo kuhusu bosi, serikali au mke aliyeacha kulalamika.

Sheria tunazozitumia kupima haya ziliandikwa baadaye sana. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi ndicho kilichozipanga kwa wasomaji wengi, na kwa sababu kilipanga vizuri, watu wakaanza kuziona kama zilitangulia mashairi. Zilitokana nayo. Muyaka hakuwa akitii kitabu.

Ugomvi uliofuata miaka ya 1970 unajulikana. Mashairi ya Kisasa ya Mulokozi na Kahigi yalitoka 1973, Kichomi ya Kezilahabi ikatoka 1974, na swali likawa kama shairi lisilo na vina ni shairi. Mwaka huo huo wa 1973 Abdilatif Abdalla alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, tungo za gerezani, nyingi zikiwa ndani ya umbo la kimapokeo kabisa na zikibeba siasa kali kuliko za wengi waliovunja kanuni. Umbo la zamani halikuwa limechoka kama ilivyodaiwa.

Kwa mchambuzi, ushairi huru, yaani usiofuata vina na mizani, haubadilishi sana kazi. Hakuna ukwapi wala utao, lakini bado mshororo unakatika mahali fulani, na kuna neno lililowekwa mwisho wakati lingeweza kuwekwa mwanzo. Bado kuna silabi zinazorudi. Jaribio la kubadilisha neno na kugeuza mstari linafanya kazi vile vile, isipokuwa kwamba hakuna kina cha kukisingizia. Kila neno lililokaa vibaya, mshairi amelichagua mwenyewe.